Neno Moja la Joho

Hapo zamani, siku ambazo ukungu uliingia nyumba ya mtu bila kubisha hodi na hakuna aliyeuliza umetoka wapi, palikuwa na mji mlimani ulioitwa Sengiti. Kaeni vizuri. Hadithi hii mimi mwenyewe iliniudhi niliposimuliwa, nikaibeba hivyo hivyo na maudhi yake, na leo naitua kwenu.

Sengiti ilikuwa na mahakama moja yenye milango miwili. Mlango wa kushoto uliitwa Madai. Humo waliingia waliogombea mipaka, mirathi, na ng'ombe aliyekula mahindi ya jirani. Mlango wa kulia uliitwa Jinai. Humo waliingia walioshtakiwa kwa kuiba, kupiga na kuua. Aliyeingia kushoto alitoka amenuna au anacheka. Aliyeingia kulia, mara nyingine hakutoka.

Ukungu nao uliingia mlango wowote. Ulikaa mabenchi ya nyuma, kimya, kama jamaa wa mbali aliyekuja kusikiliza kesi. Kwa ukungu ule watu wa Sengiti walikuwa nusu usingizini hata wakiwa macho. Mtu alisimama njiani akasahau kama anakwenda au anarudi, akasubiri mpaka apite mwingine amuulize. Ndiyo maana mahakama yao haikuamini masikio. Haikuhukumu kwa kilichosemwa, ilihukumu kwa kilichoandikwa. Na kilichoandikwa kiliandikwa katika Daftari Kuu, na Daftari Kuu halikufutwa, hata nukta.

Basi alikuwako binti mmoja, jina lake Nakijwa. Alishuka bondeni kusoma sheria, akakaa huko miaka, akapanda tena mlimani na joho jeusi mkononi. Watu wakamuuliza, "Mlango gani, wakili?"

Akasema, "Kushoto."

"Mbona kushoto?"

"Kushoto nikikosea, mtu anapoteza migomba miwili. Kulia nikikosea, mtu anapotea mwenyewe."

Wakasema ana akili. Nami nasema alikuwa na akili na woga pia, na hivi viwili mara nyingi hulala kitanda kimoja.

Miaka sita Nakijwa aliingia kushoto. Alijua kila mpaka wa Sengiti, kila shangazi aliyenyimwa shamba, kila mfereji uliopindishwa. Na katika kesi zake zote hakuna iliyomchosha kama ya Sifaeli na Mbonea, majirani wawili waliogombea kipande cha ardhi chenye upana wa mkeka. Nakijwa alimsimamia Sifaeli. Kesi ilitajwa mara kumi na moja. Mara ya kumi na mbili Nakijwa akawatoa mahakamani wote wawili, akawapeleka mpakani kwenyewe, akawaambia, "Haya, nionyesheni mnachogombea."

Wakatazama. Ukungu ulikuwa mzito. Hawakuona mkeka, hawakuona mpaka, hawakuona hata miguu yao. Sifaeli akaanza kucheka. Mbonea akacheka. Wakacheka mpaka wakakaa chini.

Siku ile ile wakapanda sale. Desturi ya mlimani mnaijua: sale, lile jani refu la kijani, ndilo alama ya mpaka na ndilo ombi la msamaha. Waliopatana hulipanda wawili, mkono mmoja wa huyu na mkono mmoja wa yule, na wazee husema sale lililopandwa kwa hila halishiki. Nakijwa akaandika hati ya maridhiano: *Wamemalizana.* Akaitia sandukuni mwake, akaenda kula.

Kesho yake asubuhi Sifaeli alikutwa chini ya korongo, amekufa.

Askari hawakutafuta mbali. Nani alikuwa adui wa Sifaeli? Mbonea. Wakamkamata, wakampitisha mlango wa kulia. Hakimu akauliza, "Wewe Mbonea, jirani yako ulimfanya nini?"

Mbonea akajibu, "Nimemalizana naye."

Karani wa mahakama alikuwa Kajiru, mtu msafi, mwandiko wake mzuri kama shanga. Kajiru akachovya kalamu, akaandika: *Nimemmaliza.*

Mmesikia? *Nimemalizana naye*, hapo watu wamepatana. *Nimemmaliza*, hapo kuna maiti. Ile *na* ikadondoka, sijui ilidondokea wapi, labda kwenye ukungu. Karani akasoma kwa sauti alichoandika, kama sheria inavyotaka, akauliza, "Ndivyo ulivyosema?" Mbonea alikuwa anawaza ng'ombe wake ambaye hakukamuliwa asubuhi ile. Alisikia sauti, neno hakulisikia. Akasema, "Ndivyo," akabonyeza dole gumba.

Akahukumiwa kukaa gerezani mpaka nywele zake ziwe nyeupe zote.

Na Nakijwa je? Nakijwa alisikia. Alikuwa na hati sandukuni. Akavaa joho, akaenda, akafika mbele ya mlango wa kulia, akasimama. Akajiambia, mimi nilikuwa wakili wa marehemu, nitamteteaje anayesemwa kamuua? Akajiambia, tena mlango huu si wangu. Akarudi nyumbani. Usimhukumu bado, wewe uliyeguna. Bado tuna safari.

Tangu siku ile Nakijwa akawa hawezi kulala usingizi wa mchana. Kila akifumba macho baada ya chakula, Sifaeli anaingia, anavuta kiti, anakaa mbele ya meza yake, anatafuna hindi la kuchoma taratibu. Halaumu. Anauliza tu, "Wakili, si tulimalizana?" Nakijwa akizinduka, chumba kizima kinanuka mahindi ya kuchoma. Mwaka wa kwanza hivyo. Mwaka wa pili hivyo. Miaka tisa, watu wangu, hivyo hivyo.

Mwaka wa tisa akaja mwanamke ofisini kwake, akavua viatu mlangoni. Alikuwa Naetwe, mjane wa Sifaeli.

"Karibu, dada."

"Nimekaribia. Nimekuja kutafuta wakili."

"Wa kumshtaki nani?"

"Wa kumtetea Mbonea."

Nakijwa akadhani ni ndoto tena. Akajifinya mkono.

Naetwe akasema, "Unalijua lile sale la mpakani? Kila siku nilikwenda kulitazama nikingoja likauke. Nikasema likikauka, basi Mbonea alimpatia mume wangu mkono wa hila. Halikukauka. Sasa limenipita kimo. Lina watoto sita."

Kisha akasema, "Tena kuna jambo nililificha. Sifaeli alirudi jioni ile mkono mmoja una udongo, mmoja safi. Akaniambia, 'Mama watoto, mimi na Mbonea tumemalizana.' Akala, akatoka kufunga mbuzi, hakurudi. Mahakamani waliniuliza kama nina la kusema. Nikasema sina. Nilitaka mtu wa kumchukia, wakili, na Mbonea ndiye aliyekuwa karibu."

"Dada, mimi ni wa mlango wa kushoto."

"Basi zunguka," Naetwe akasema. "Nyumba si ni moja?"

Nakijwa akazunguka. Alisimama tena mbele ya mlango ule, nawaambia kweli, kama miaka tisa nyuma. Lakini akaingia.

Akatoa hati ya maridhiano. Hakimu akasema, "Hati inasema walipatana mchana. Daftari linasema alimmaliza. Mtu hupatana mchana akaua jioni." Nakijwa akamleta Naetwe. Hakimu akasema, "Mama, pole, lakini Daftari linasema alimmaliza." Nakijwa akaeleza kwamba ukingoni mwa korongo palikutwa nyasi zilizochubuliwa na kisigino kimoja tu, kisigino cha mtu aliyeteleza. Hakimu akasema, "Wakili, nimekusikia vizuri. Lakini mahakama hii haisikii. Inasoma."

Kesi ikawa imekufa. Nakijwa akakusanya karatasi zake.

Hapo karani akasimama. Kajiru yule yule, sasa ana miwani. Hakuna aliyemwita. Hakuna aliyemshuku. Angekaa tu, angestaafu na heshima zake zote.

"Mheshimiwa," akasema, "ile *na* ninayo mimi."

"*Na* gani?"

"Alisema, 'Nimemalizana naye.' Mimi nikaandika, 'Nimemmaliza.' Niliona kosa langu mchana ule ule, wino ukiwa umeshakauka. Karani anayekata neno katika Daftari hufukuzwa. Nikaogopa. Tangu hapo hiyo *na* haikuniacha. Nikitaka kumwambia mke wangu 'ugali na maharage', ulimi unakwama katikati. Nyumbani wananicheka, wanadhani ni uzee."

Ukungu ule wa mabenchi ya nyuma, wanasema waliokuwapo, ulisogea mbele benchi moja.

Bado hakimu akauliza, "Na mfungwa mwenyewe? Kila mwaka siku ya msamaha huulizwa wafungwa wote. Anayesema 'Nilitenda, nisameheni' huenda nyumbani kwake. Huyu alisema nini?" Wakafungua kitabu cha gereza. Mara tisa Mbonea aliulizwa, mara tisa alijibu, "Sikutenda, siwezi kusamehewa." Angekiri hata mara moja, ukurasa wake ungetiwa gundi, na hakuna wakili chini ya jua ambaye angeufungua.

Mbonea akaachiwa. Nusu ya kichwa chake nyeusi, nusu nyeupe.

Kajiru akafukuzwa siku hiyo hiyo.

Na Nakijwa, tangu hapo, akawa anaingia milango yote miwili. Miaka ishirini na mitatu. Asubuhi mipaka na mirathi, adhuhuri wezi na wanaosemwa ni wezi. Alimtetea mpishi aliyepika uyoga mbaya bila kujua. Alimtetea aliyechoma ghala, naye kweli alilichoma. Watu wakamuuliza, "Wakili, mkosaji unamteteaje?" Akasema, "Sitetei tendo lake. Natetea neno lake, liandikwe kama alivyolisema." Kesi nyingine alishinda. Nyingine alishindwa, akaenda nyumbani akalia, kesho akavaa joho tena. Sauti yake nyembamba ikawa inajulikana Sengiti yote, na akina mama waliokuwa na kijana mahabusu waliisikia ikipita njiani wakapumua. Sifaeli hakuja tena mchana. Nakijwa alikiri kwamba mara mojamoja alimkumbuka.

Sasa akazeeka. Ikafika siku ya kuvua joho.

Hapa kuna desturi ya Sengiti, isikilizeni vizuri, maana ndiyo inayonikosesha raha. Wakili anayestaafu habaki na joho lake. Humpa mtu mmoja, yule aliyemfanya kuwa wakili. Mtu huyo hulivaa mara moja, husimama mbele ya Daftari Kuu, hufungua ukurasa autakao, na kusema neno moja. Si mawili. Neno hilo huandikwa pale kama lilivyotamkwa, na hakimu hana ruhusa ya kuuliza. Wengi hulifanyia mzaha. Wakili wa kabla ya Nakijwa alimpa mkewe joho, mkewe akasema, "Hatimaye!" na mpaka leo limeandikwa hivyo. Na kama wakili hakutaja mtu kabla ukungu wa asubuhi haujainuka, joho hukunjwa, na neno hupotea.

Asubuhi ile wakaja watu watatu.

Wa kwanza kusimama alikuwa Mbonea, kichwa sasa cheupe chote, lakini kwa uzee, si kwa hukumu.

"Wakili," akasema, "kabla yangu ulikuwa mpima mashamba. Wewe ulisomea bondeni, lakini chuo chako hasa ni miaka yangu tisa. Ningekiri, nisingekusumbua, nawe ungekufa hujui mlango wa kulia unafunguka vipi. Mimi nilitoka gerezani, lakini Daftari halikufutwa. Ukurasa wangu bado unasema nimemmaliza. Binti yangu ameposwa mara tatu. Mara tatu wajumbe wamekwenda kusoma Daftari, kama desturi, na mara tatu wamerudi kwao bila kutuaga. Sitaki neno kubwa. Nataka *na*. Irudishwe mahali pake."

Naetwe akasema kutoka kwenye benchi, "Dole gumba lilikuwa lako, Mbonea."

"Lilikuwa langu," Mbonea akasema. "Na ulimi uliofungwa ulikuwa wako, shemeji." Akakaa.

Naetwe akasimama. Uzee ulikuwa umemfupisha.

"Mimi nilikuja na miguu yangu," akasema. "Mjane kumtafutia wakili anayesemwa kamuua mumewe! Nani alishafanya hivyo hapa? Mliniita kichaa, nakumbuka nani na nani. Wewe uliniambia hapana, nikakuambia zunguka. Bila neno hilo joho hilo lingekuwa bado linahesabu migomba. Basi mlipomwachia Mbonea, watu wakauliza, nani basi alimuua Sifaeli? Wakasema alijitupa. Wazee wa ukoo wakakataa kumhamishia makaburi ya kwao, kwa kuwa aliyejitupa hapokelewi. Yuko pale pale ukingoni mwa korongo tulipomzika kwa haraka, peke yake, kwenye majani mabichi. Nimezeeka, siwezi tena kushuka kumpalilia. Nipeni neno moja nilipeleke kwenye ukurasa wake: *aliteleza*."

Hata Mbonea alifuta macho.

Kajiru alisimama kwa mkongojo, wala hakuangalia watu.

"Mimi nilimkosea kila mmoja aliye humu, sikatai. Lakini wakili, kesi yako ilikuwa imekufa. Ulikuwa unakusanya karatasi, nilikuona. Ungetoka mlango ule umeshindwa, na mtu mwoga akishindwa mara ya kwanza harudi. Mimi ndiye niliyekurudisha. Katika Daftari ukurasa wangu unasema, *Kajiru, karani mwongo*. Mwenye alama hiyo hashuhudii ndoa, haandiki wosia wa mtu, hatamki jina mtoto akipewa jina. Nina wajukuu kumi na wanne, Nakijwa. Wote wamepewa majina mimi nikiwa nimesimama nje ya nyumba. Nataka neno *alikiri*. Kwa sababu nilikiri."

Nakijwa alikuwa amelikunja joho juu ya mkono. Miaka yote alizoea kutetea mtu mmoja dhidi ya mwingine. Leo wateja wake wote watatu walisimama upande mmoja, na upande wa pili hapakuwa na mtu. Basi akatumia ujanja wa kiwakili. Akasema, "Kila mmoja aniambie: nisipompa yeye, nimpe nani?" Maana alijiambia, atakayetajwa mara mbili ndiye.

Mbonea akasema, "Mpe mama huyu. Sifaeli alikuwa rafiki yangu kwa nusu siku tu, lakini alikuwa rafiki yangu."

Naetwe akasema, "Mpe mzee Kajiru. Sisi wengine tulisemewa. Yeye alijisema mwenyewe."

Kajiru akasema, "Mpe Mbonea. Ile *na* ni mali yake, nilimchukulia."

Nakijwa akacheka, halafu akalia mbele ya watu, mwanamke aliyewatetea wauaji bila sauti kutetereka. Nje, mlima ulianza kuonekana. Ukungu uliinuka kutoka benchi la nyuma, ukapita katikati ya watu, ukafika mlangoni. Karani mpya akachovya kalamu, akauliza, "Mpokeaji ni nani, wakili?"

Ninyi mnaojua kila kitu, msinitazame mimi. Ukimpa Mbonea, Sifaeli analala porini milele na mzee anakufa nje ya nyumba ya mjukuu. Ukimpa Naetwe, binti wa watu anazeekea kwao kwa kosa la silabi moja. Ukimpa Kajiru, mwenye kosa anatakaswa, waliokosewa wanatazama. Na usiniambie wagawane, neno ni moja. Ukungu umebakiza kizingiti tu. Je, nani alistahili kuvaa lile joho?